Mtakatifu Yohane Baptista de La Salle: Padre Aliyehamia kwa Walimu



Kama umewahi kushika darasa la watoto parokiani, hii picha unaijua. Jumamosi asubuhi, watoto wa Komunyo ya Kwanza wamejaa, benchi hazitoshi. Umejiandaa vizuri, umeanza kwa sala, umeandika ubaoni sakramenti saba. Dakika ya kumi, mmoja anamfinya mwenzake. Wawili wa nyuma wanacheka. Yule mkubwa anachungulia simu chini ya meza. Na yule wa mbele kabisa, mtoto mtiifu, amekukodolea macho lakini mawazo yake yako nyumbani. Unapaza sauti, wananyamaza dakika mbili. Wiki inayofuata wamepungua watano.

Hapo ndipo tunasema: watoto wa siku hizi bwana! Kumbe miaka zaidi ya 300 iliyopita kule Ufaransa, bila simu wala televisheni, walimu walikuwa na kilio hicho hicho. Watoto walikuja leo, kesho hawaji. Waliokuja walipiga kelele, na walimu wenyewe walichoka wakaacha kazi. Leo nakusimulia maisha ya padre aliyelishughulikia jambo hilo kwa miaka 40, na likamgharimu nyumba, cheo na mali yote aliyokuwa nayo. Jina lake Yohane Baptista de La Salle.

Mtoto wa nyumba kubwa

Alizaliwa tarehe 30 Aprili 1651 katika mji wa Reims, mji ambao kanisa kuu lake ndimo wafalme wa Ufaransa walimotiwa taji. Baba yake, Louis de La Salle, alikuwa hakimu. Mama yake, Nicole Moët, alitoka ukoo wenye mali. Yohane alikuwa mtoto wa kwanza. Walizaliwa 11, lakini enzi hizo kifo kilipita sana katika vitanda vya watoto, hata kwa matajiri. Waliokua walikuwa saba.

Njia yake ilionekana imeshanyooshwa. Akiwa na miaka 15 tu, mwaka 1667, alifanywa kanoni wa Kanisa Kuu la Reims. Ukanoni ulikuwa cheo cha heshima chenye kiti cha kudumu katika sala za kanisa kuu na kipato cha uhakika mpaka kufa. Kwa lugha ya leo, kijana alikuwa ameshatoboa kabla hata ya kuota ndevu.

Mwaka 1670 alikwenda Paris kusoma katika seminari ya Saint-Sulpice. Hakukaa sana. Julai 1671 mama yake akafariki. Aprili 1672 baba yake naye akafariki. Yohane hakuwa ametimiza hata miaka 21, na nyuma yake kulikuwa na wadogo zake sita. Akafunga mizigo, akarudi Reims kuwa kaka na baba kwa wakati mmoja: kusimamia urithi, kulipa ada, kuamua nani akae wapi. Masomo aliendelea nayo hapo hapo nyumbani. Alipewa daraja la upadre tarehe 9 Aprili 1678, Jumamosi Kuu, na mwaka 1680 akapata udaktari wa teolojia.

Kijana unayesoma hapa ukiwa umebeba wadogo zako mgongoni, usipite haraka. Mtakatifu huyu alijifunza kuwahudumia watoto kwanza sebuleni kwao, akiwa yatima.

Mlangoni mwa masista

Mwaka 1679 padre huyu kijana alikwenda kwenye nyumba ya Masista wa Mtoto Yesu, waliokuwa wakifundisha wasichana maskini pale Reims. Rafiki na mshauri wake wa kiroho, Padre Nicolas Roland, aliyewaanzisha masista hao, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia na kumwachia jukumu la kuwaangalia. Pale mlangoni akakutana na mlei mmoja wa makamo, Adrien Nyel, aliyetoka mji wa Rouen. Nyel alitaka kufungua shule ya bure kwa wavulana maskini, naye alihitaji mtu anayeujua mji.

Yohane akamsaidia. Akampa pa kufikia, akamtafutia paroko wa kumpokea. Shule ya kwanza ikaanza mwaka huo huo katika parokia ya Mt. Mauris, na kabla mwaka haujaisha ikafunguliwa ya pili. Kwake yeye lilikuwa tendo la huruma tu: unamsaidia mtu, unamwombea, unarudi kwenye shughuli zako.

Nyel alikuwa mwepesi wa kuanzisha, lakini kukaa na kitu mpaka kikomae hakukuwa karama yake. Kila mara alikuwa safarini kufungua shule nyingine. Na walimu aliowakusanya, tuseme ukweli, walikuwa watu waliokosa kazi nyingine. Ualimu wa watoto maskini haukuwa na heshima wala mshahara wa maana. Walijua kusoma kidogo na kuandika kidogo. Walifundisha bila mpango na kuchapa bila hesabu, na kila mmoja aliamka saa aliyotaka. Watoto wakaona, na watoto hawadanganyiki. Darasa likawa soko.

Yohane aliona shida haikuanzia kwa watoto. Ilianzia kwa walimu, ambao hawakuwa na mtu wa kuwashika mkono. Akawapangia nyumba karibu na kwake. Mwaka 1680 akaanza kuwaita mezani kwake kula. Tarehe 24 Juni 1681 akawahamishia kabisa nyumbani kwake.

Ukoo ulichachamaa! Watu wa namna ile kula meza moja na watoto wa hakimu? Ndugu wakaja kuwachukua baadhi ya wadogo zake, wakisema nyumba imeharibika. Na Yohane mwenyewe hakuwa malaika. Baadaye aliandika bila kuficha kwamba mwanzoni aliwaona walimu wale kuwa chini ya mtumishi wake wa ndani, na kwamba kama angejua kuwa msaada ule mdogo ungemfikisha kuishi nao, angeuacha siku ile ile. Mungu hakumwonyesha barabara yote. Alimwonyesha hatua moja, kisha nyingine.

Mwaka 1682 ikawa zamu yake kuhama. Aliiacha nyumba ya baba yake, akahamia na walimu katika nyumba ya kupanga upande wa maskini. Walioandika maisha yake mapema wanasimulia kwamba tumbo lake lilikikataa chakula cha pale, akalazimika kukaa na njaa mpaka njaa yenyewe ikamfundisha kula.

Swali la walimu

Baadhi ya walimu wa mwanzo hawakuyaweza maisha yale ya mpango, wakaondoka. Wakaja vijana wengine wenye moyo. Lakini nao walikuwa na hofu: tukiugua nani atatutibu? Tukizeeka tutakwenda wapi? Shule zikifa kesho, si tutaishia kuombaomba?

Yohane akawahubiria vizuri sana juu ya kumtegemea Mungu anayewalisha ndege na kuyavika maua ya kondeni. Walimu wakamsikiliza. Kisha wakamjibu kwa adabu lakini bila kupindisha: wewe, baba, ni rahisi kusema. Una ukanoni wako na urithi wa wazazi wako. Shule zikianguka, wewe utabaki umesimama.

Hapa, kijana mwenzangu, ndipo maisha yake yalipogeuka. Angeweza kukasirika, maana alikuwa padre, daktari wa teolojia, mwenye nyumba, na hawa walikuwa watu wa kula kwake. Akanyamaza. Akaona wamesema kweli: maneno yake hayakuwashika kwa sababu hayakuwa yamemgharimu chochote. Akaomba ushauri kwa Padre Nicolas Barré kule Paris, na jibu likawa gumu: achia vyote.

Mwaka 1683 akajiuzulu ukanoni. Watu walitegemea amwachie mdogo wake aliyekuwa njia moja kuelekea upadre. Ndivyo koo kubwa zilivyofanya. Yeye akampa padre maskini. Kisha njaa kali ilipolipiga eneo la Champagne karibu na mwaka 1684, akauchukua urithi wake na kuugeuza mkate kwa wenye njaa, siku baada ya siku, mpaka ukaisha. Hakuutumia kujenga shule zake. Alipomaliza alikuwa sawasawa na walimu wake, naye akawa na haki ya kuwaambia wamtegemee Mungu.

Wakati ule ndipo walimu wale walipoacha kuitwa mabwana, wakaitwa mabruda: Mabruda wa Shule za Kikristo. Walikuwa ndugu kati yao wenyewe, na kaka wakubwa kwa watoto waliokabidhiwa. Wakavaa joho jeusi la kitambaa duni na viatu vizito, na mitaani watu wakawacheka.

Darasani kukoje sasa?

Yohane na mabruda wake hawakukaa ofisini kutunga nadharia. Walifundisha, wakaona kipi kinashika na kipi hakishiki, jioni wakajadiliana, wakajaribu tena. Baada ya zaidi ya miaka 20 ya kujaribu, mwaka 1706 hivi, wakayaandika waliyojifunza katika kitabu cha uendeshaji wa shule, kilichochapwa mwaka 1720, yeye akiwa ameshafariki. Nikuoneshe machache, maana hata leo yana kazi.

Kwanza, walibadili lugha ya kuanzia. Shule nyingi zilianza kumfundisha mtoto kusoma Kilatini. Yohane akasema waanze na Kifaransa, lugha ya mama zao. Hoja yake ilikuwa ya mtu anayewajua maskini: hawa watoto watakaa shule miaka michache tu, kisha baba atawahitaji kazini. Wakianza na Kilatini wataondoka hawajui Kilatini wala Kifaransa. Wakianza na lugha wanayoielewa, watakuja kesho kwa sababu leo wameelewa. Wewe msomaji wa Kiswahili hili huhitaji kufafanuliwa.

Pili, watoto walijifunza pamoja. Katika shule nyingi mwalimu aliwaita watoto mmoja mmoja mezani, huku wengine wote wakikaa bure, na mtoto aliyekaa bure utamjua tu. Mabruda waliwapanga watoto kwa hatua zao, wa herufi na wa herufi, wa silabi na wa silabi, kila kundi na kitabu kimoja. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanafuata kwa macho kimya kimya, na hakuna anayejua nani ataitwa kuendelea. Kila jicho likabaki kwenye mstari.

Tatu, mwalimu alizungumza kidogo. Hili lilinishangaza, maana sisi tukiona darasa limechoka tunaongeza maneno. Bruda alikuwa na kifaa kidogo kinachotoa mlio, wakakiita ishara. Mlio ukitoka, msomaji anajua asimame au arudie alipokosea. Kwa mengine alitumia mkono na macho. Mwalimu akiacha kushindana na kelele, sauti yake inabaki na thamani pale anapoitumia.

Nne, watoto walipewa kazi. Kulikuwa na mwongoza sala, mpiga kengele, mtunza ufunguo, mgawa karatasi, wafagiaji, na hata watoto wa kuwatembelea wenzao wasiofika shuleni na kuleta habari zao. Kitabu kile kiliorodhesha sababu za utoro: wepesi wa akili, kuzurura, kuchoka na shule, kutompenda mwalimu, wazazi kutojali. Kwa yule mtundu asiyetulia waliona dawa mojawapo ni kumpa jukumu, maana mtoto mwenye jukumu ana sababu ya kuja. Na kwa yule asiyempenda mwalimu hawakuanza na mtoto. Walimwambia mwalimu ajirekebishe, alainishe uso wake.

Tano, mtoto alijulikana. Akiandikishwa, mzazi aliulizwa jina, umri, mtaa, afya, tabia na kazi inayokusudiwa kwa mtoto huyo. Mwisho wa mwaka mwalimu aliandika juu ya kila mmoja, yupi ni mwoga, yupi ni mkaidi lakini hulainika akiombwa, ili bruda wa mwaka unaofuata asianze gizani. Yohane aliwakumbusha walimu mfano wa Mchungaji Mwema anayewaita kondoo wake kwa majina. Hakuutumia kama pambo. Aliutumia kama utaratibu wa kazi.

Sita, masomo yaligusa maisha. Walijifunza hesabu za fedha, na waliofika mbali katika kuandika walinakili stakabadhi na mikataba, ili mtoto wa fundi asije akadhulumiwa kwa kutojua alichotia saini. Karibu na mwaka 1699 kule Paris wakafungua darasa la Jumapili kwa vijana waliokuwa kazini wiki nzima. Walisoma, wakajifunza kuchora na jometri, vitu vinavyomfaa fundi, kisha wakapata katekisimu.

Na katekisimu yenyewe, nusu saa kila siku, haikuwa mahubiri. Bruda aliuliza. Swali likiwa gumu alilikata vipande vidogo mpaka mtoto aweze kujibu. Alitakiwa ajitahidi kumfikia kila mtoto, bila kumruka mwoga na bila kumcheka aliyekosea. Kila saa kengele ililia, wote wakasimamisha kazi kidogo na kukumbuka kwamba wako mbele za Mungu. Asubuhi walikula mkate wao pale pale darasani, na kikapu kilipita ili mwenye ziada amwekee asiye nacho.

Habari ya fimbo

Nisikufiche: karne ile fimbo haikutoka kabisa katika shule hizo. Lakini Yohane aliiwekea masharti mengi. Hakuna kofi, teke wala kuvuta nywele. Hakuna kumwita mtoto majina ya kumdhalilisha. Hakuna kuadhibu ukiwa na hasira. Ukiona damu imepanda, ngoja. Aliwataka waelewe kwamba mwalimu anayeadhibu mara kwa mara anaonyesha udhaifu wake mwenyewe, na kwamba ukali uliozidi ndio unaowafukuza watoto shuleni. Walimu walipaswa kuwa na msimamo wa baba na wororo wa mama. Kazi yao kubwa, alisisitiza, ni kuigusa mioyo, nayo haiguswi kwa nguvu. Inaombewa kwanza magotini.

Msalaba haukukosekana

Mwaka 1688 alikwenda Paris na mabruda wawili kuanza shule katika parokia ya Saint-Sulpice. Shule ilipopendwa, maadui wakazaliwa. Kulikuwa na chama cha walimu wa kuandika, waliotoza ada. Waliona watoto wanahamia kwa mabruda, ambako ni bure na hakuna anayeulizwa kwanza kama ni maskini kweli. Wakamshtaki. Mwaka 1704 samani za shule zikachukuliwa, na hukumu zikamwangukia.

Kabla ya hapo, miaka ya 1690 na 1691, kazi ilikaribia kufa kabisa. Mabruda walikuwa wamechoka na wachache. Bruda aliyemtegemea sana, Henri L'Heureux, aliyekuwa akiandaliwa kuwa padre, akafariki ghafla. Yohane akaisoma ishara hiyo kwamba shirika libaki la mabruda watupu, ili darasa lisiwe ngazi ya kupandia kwingine. Kisha tarehe 21 Novemba 1691, pamoja na Gabriel Drolin na Nicolas Vuyart, akaweka nadhiri ya siri: hawataiacha kazi ya shule hizo, hata wakibaki wao watatu tu, hata ikiwalazimu kuomba na kula mkate mkavu. Walikuwa watatu, na hapakuwa na dalili yoyote kwamba itafaulu. Vuyart baadaye aliiacha. Wawili waliishika mpaka kufa.

Mwaka 1712 kesi nyingine ikamvunja. Alihukumiwa kama mtu aliyemrubuni kijana wa familia tajiri kwa ajili ya fedha. Baadhi ya waliokuwa karibu naye wakamkwepa. Akaondoka Paris kuelekea kusini, na taratibu akaanza kuamini kwamba yeye mwenyewe ndiye kikwazo, kwamba kazi ingeenda vizuri asipokuwepo. Kijana, kama umewahi kufikia hapo, jua kwamba mtakatifu alishapita. Akiwa Grenoble alimtuma bruda mmoja safari ya kaskazini, na yeye akashika darasa lake. Yule daktari wa teolojia, mwanzilishi wa shirika, karibu miaka 63, akasimama tena mbele ya watoto kuwafundisha kusoma. Kisha akapanda mlimani Parménie kusali.

Tarehe 1 Aprili 1714 mabruda wakuu wa Paris walimwandikia barua. Hawakumbembeleza. Walimwagiza, kwa jina la utii aliouahidi kwa shirika, arudi mara moja kuliongoza. Fikiria: watu aliowaokota, akawalisha, akawafundisha, sasa wanamwamuru. Mwezi Agosti alikuwa mlangoni kwao Paris, amekuja kupokea maagizo.

Ijumaa Kuu

Mwaka 1717 mabruda walimchagua Bruda Barthélemy kuwa mkuu, na Yohane akawa wa kawaida kati yao katika nyumba ya Saint-Yon, Rouen. Akafa huko tarehe 7 Aprili 1719, siku ya Ijumaa Kuu, akiwa na miaka 67. Aliacha mabruda kama 100. Papa Leo XIII alimtangaza mtakatifu tarehe 24 Mei 1900, na tarehe 15 Mei 1950 Papa Pio XII akamfanya msimamizi wa walimu wote. Wanawe wako mpaka kwetu: wapo Kenya, na kule Byumba nchini Rwanda kuna chuo cha ualimu chenye jina lake.

Na sisi je?

Wengi wetu tukitafuta namna ya kuwashika watoto tunatafuta kitu cha kuwaonyesha: video, pipi, mchezo mpya. Si vibaya; hata Yohane alikuwa na kengele yake na ishara yake. Ila angalia mpangilio wa maisha yake. Alianza kwa kusogea. Aliwaleta walimu mezani, akahamia kwao, akakubali kusahihishwa nao, akabaki hana kitu kama wao. Walimu waliotunzwa wakajua kutunza, na watoto wakapata sababu ya kurudi kesho. Zile mbinu zote zilikuja baadaye, kutoka kwa watu waliokaa karibu vya kutosha kuona mtoto anakwama wapi.

Basi Jumamosi hii, kabla hujapaza sauti, jaribu haya matatu. Jua majina ya watoto watano ambao hujawahi kuyauliza. Mpe kazi yule anayekusumbua kuliko wote: ufunguo, kengele, au kuhesabu wenzake. Na mmoja kati ya wale waliopotea, mtafute kwao, au mtume mwenzake akamsalimie. Kama wewe ndiye mwanafunzi na mwalimu wako amechoka, mwombee kwa jina lake, kisha mwambie asante siku moja. Huenda hakuna aliyemwambia mwaka mzima.

Tusali: Ee Mungu, uliyemtoa Yohane Baptista katika nyumba ya raha ukampeleka kwa walimu na watoto maskini, utupe moyo wa kusogea. Utufundishe kusema kidogo, kusikiliza sana, na kutomruka hata mmoja. Wakumbuke walimu wetu wote, walio hai na waliokutangulia. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Yohane Baptista de La Salle, utuombee!